Kutunza jino la kupandikiza: mwongozo kamili, kuanzia mswaki wa usiku hadi kiti cha daktari

"Mama, lile jino la chini linakuuma?"

"Haliumi hata kidogo, mwanangu. Ila nikipiga mswaki natema damu kidogo, basi."

Nilikuwa nimekwenda nyumbani likizo, mwaka wa pili wa masomo ya utabibu wa kinywa na meno, na nilikuwa nimesoma vya kutosha kushtuka. Jino lile, gego la chini kushoto, mama alipandikiziwa miaka minne kabla kwa fedha alizodunduliza dukani kwake. Kliniki iliyomhudumia ilimwambia amemaliza, sasa ale chochote roho inapenda. Hakuna aliyempa tarehe ya kurudi. Tulipompeleka kupiga picha, mfupa uliozunguka skrubu ulikuwa umeliwa zaidi ya nusu. Tulihangaika miezi michache, kisha skrubu ikatolewa. Ilitoka bila tabu yoyote, maana mfupa wa kuishikilia haukuwepo tena.

Ndiyo maana kila mgonjwa mwenye jino la kupandikiza anayekaa kwenye kiti changu namwambia hili kabla ya mengine yote: usingoje maumivu. Jino la asili likiharibika litakuamsha saa nane za usiku. La kupandikiza linaweza kupoteza mfupa miaka mitatu, minne, bila kukunyima usingizi hata siku moja. Kinachoonekana mapema ni damu kidogo kwenye ufizi, na mwongozo huu wote ni wa kukufundisha kuizuia damu hiyo, kuitambua, na kuifanyia kazi.

Ulichonacho ndani ya ufizi

Jino la kupandikiza lina sehemu tatu. Ya chini kabisa ni skrubu iliyozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Mara nyingi ni ya titani, aina ya metali. Chache ni za zirkonia, aina ya kauri ya rangi nyeupe. Juu yake hukaa kiungio kinachopenya ufizi, na juu ya kiungio ndiyo huvalishwa taji, yaani jino lenyewe unalotafunia.

Titani ina tabia moja ya ajabu: mfupa huikubali na kuishika kama sehemu yake. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aliigundua tabia hiyo miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura. Vifaa vyake vya titani viligoma kutoka mfupani. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson. Mzee huyo alifariki mwaka 2006, zile skrubu bado ziko kazini. Zaidi ya miaka 40. Nawatajia wagonjwa habari hii kwa sababu wengi huamini jino la kupandikiza lina muda wa kwisha kama betri ya gari. Halina. Linaishi kadiri mfupa na ufizi vinavyoishi.

Na hapo ndipo palipo na udhaifu. Jino lako la asili linaning'inia mfupani kwa nyuzinyuzi nyingi ndogo zenye mishipa ya fahamu na damu. Nyuzi hizo hujikita kwenye mzizi na kuufunga ufizi kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba. Kwenye skrubu hakuna nyuzi za namna hiyo. Ufizi umeegemea tu, nyuzi zake zinapita sambamba na chuma bila kujikita ndani yake, na damu inayofika pale ni kidogo. Bakteria wakishapata mlango, hushuka kwa haraka kuliko kwenye jino la asili. Na kwa kuwa hakuna mishipa ya fahamu kwenye skrubu, hutasikia kitu.

Watu huniuliza, "Sasa chuma kitaozaje?" Chuma hakiozi, wala taji halitoboki. Ila ufizi ni wako na mfupa ni wako, na hivyo viwili huugua. Majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye afya nzuri yameonyesha kwamba ukiacha kusafisha kwa wiki tatu tu, ufizi wa pembeni mwa skrubu huvimba na kutoa damu. Wiki tatu ni msiba mmoja na safari moja ya kijijini.

Vifaa vya kununua

Usitumie fedha nyingi hapa. Nunua mswaki wenye nywele laini kabisa. Ule mgumu unaoitwa imara unasukuma ufizi chini na kukwaruza. Ukipenda mswaki wa umeme, ni salama. Badilisha kila baada ya miezi mitatu, au mapema ikiwa nywele zimeanza kutawanyika.

Cha pili, na kwangu ndicho muhimu kupita vyote, ni brashi ndogo za katikati ya meno, zile zinazofanana na brashi ya kuoshea chupa ya mtoto lakini nyembamba kama njiti. Chagua zenye waya uliovikwa plastiki ili usikwaruze kiungio. Saizi sahihi ni ile inayoingia ikibana kidogo bila kulazimishwa. Ikielea tu ndani ya nafasi, haisafishi; ukilazimika kuisukuma, ni kubwa. Mara nyingi mtu huhitaji saizi mbili, maana nafasi ya mbele ya jino na ya nyuma yake hazilingani. Muombe daktari akupimie, kisha piga picha pakiti kwa simu yako ili ukienda dukani usibahatishe.

Cha tatu ni uzi wa meno wa aina ya mnene, wenye sehemu ya sponji katikati na ncha ngumu ya kupenyezea. Ukiwa na daraja, yaani taji mbili au tatu zilizoungana, bila uzi huu huwezi kufika chini yake. Na kama jino lako ni gego la mwisho kabisa, ongeza mswaki wa kishungi kimoja, wenye kichwa kidogo kama ncha ya kalamu.

Dawa ya meno iwe ya kawaida yenye floraidi, kwa ajili ya meno yako ya asili ambayo bado yanaweza kutoboka. Epuka zenye mkaa na zile za kung'arisha zinazokwaruza kama mchanga. Mkaa wa kupikia na chumvi ya mawe pia viache kabisa. Vinachubua taji, na taji lililochubuka hukamata uchafu zaidi.

Mashine za kusafishia meno kwa maji ni nzuri kwa mwenye vipandikizi vingi au mwenye mikono inayotetemeka. Anza na nguvu ndogo, tumia maji ya uvuguvugu, na elekeza maji yapite ubavuni mwa jino, yasipigwe moja kwa moja kushuka ndani ya ufizi. Lakini maji hayaondoi ukoga wote, yaani ule utando wa bakteria ulioshika. Brashi ndogo bado inahitajika.

Usiku, hatua kwa hatua

Nachagua usiku kwa sababu ukilala mate hupungua, na bakteria hupata saa sita au saba za kufanya kazi bila kusumbuliwa. Asubuhi mswaki wa dakika mbili unatosha. Usiku fanya kazi kamili. Ukizoea haizidi dakika sita.

Hatua ya kwanza: mwanga. Nawa mikono, simama mbele ya kioo, washa taa ya simu, vuta shavu kwa kidole na ulitazame jino. Wengi hawajawahi kuliona jino lao la kupandikiza tangu siku waliyowekewa. Jifunze rangi ya ufizi wake ukiwa mzima, ili ukibadilika ujue.

Hatua ya pili: brashi ndogo. Iloweshe maji, usipake dawa. Ingiza upande wa shavu, ikiwa imelala sawasawa na mstari wa ufizi, ipite pale jino linapozama kwenye nyama. Peleka mbele na nyuma mara tano au sita, polepole, kwanza ukiiegemeza kwenye jino lenyewe, kisha kwenye jino jirani. Halafu rudia kutoka upande wa ulimi. Kwa magego, ikunje shingo kidogo na ufumbe mdomo nusu. Ukiachama sana shavu hukaza na mkono haupiti.

Ukishaitoa, itazame. Utando mweupe laini ndio ukoga, na umeutoa vizuri. Kisha inuse. Najua watu wanaona haya, lakini pua yako ni kipimo kizuri. Brashi iliyotoka kwenye nafasi safi hainuki kitu. Ikinuka kama yai viza, pale chini kuna uchafu uliolala siku nyingi. Ikitoka na alama nyekundu, andika tarehe.

Hatua ya tatu: uzi mnene. Huu si wa kila mtu, lakini kwa daraja na kwa taji pana ni lazima. Penyeza ncha ngumu upande mmoja wa jino, izungushe nyuma, itokeze upande wa pili, ili uzi ulikumbatie jino mzingo mzima. Pishanisha ncha mbili mbele, kisha vuta kulia na kushoto kama mpiga viatu rangi anavyovuta kitambaa juu ya ncha ya kiatu. Mikono iwe myepesi. Uzi uukaribie ufizi, hata uingie chini yake kidogo sana, usikate nyama.

Hapa nitoe tahadhari ambayo hata baadhi yetu wenye taaluma huisahau. Kama ufizi umeshuka na skrubu imeanza kuonekana, usitumie uzi. Hesi za skrubu, yaani ile mistari yake ya mzunguko, zina uso usio laini, wenye mikwaruzo, hivyo uzi hunasa, huchanika, na vipande vidogo hubaki ndani ya ufizi vikilea uvimbe. Ukihisi uzi unakwama au unatoka umechakaa, acha, tumia brashi ndogo peke yake, na umwambie daktari.

Hatua ya nne: mswaki. Uulaze kwa mshazari, nywele zikielekea pale jino linapokutana na ufizi, uutikise kwa mizunguko midogo. Hesabu kumi kwa kila jino la kupandikiza, nje na ndani. Upande wa ulimi ndio unaosahauliwa. Naweza kusema kwa kutazama tu: nje panang'aa, ndani pana ukingo wa njano. Gego la mwisho limalizie nyuma kwa mswaki wa kishungi kimoja.

Hatua ya tano: tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Floraidi ibaki kwenye meno ya asili.

Sasa, kuhusu damu. Ukianza utaratibu huu baada ya miezi ya kupitisha mswaki juu juu, siku za kwanza utaona damu. Kosa ninaloliona karibu kila wiki ni mtu kuogopa na kupakwepa mahali panapotoa damu. Panatoa damu kwa sababu pamevimba, na pamevimba kwa sababu pana ukoga. Endelea, kwa mkono laini, kila siku. Kwa wengi damu hupungua ndani ya wiki mbili. Isipopungua, kiti cha daktari ndicho kinachofuata.

Wenye meno ya bandia ya kubana juu ya vipandikizi

Baba yangu mdogo ana skrubu mbili kwenye taya la chini, na meno yake ya bandia hubana juu yake kama vifungo vya kubonyeza vya shati. Ukikaa naye mezani asubuhi unasikia "ta, ta" anapoyavaa. Kwa watu kama yeye kazi ni mbili: kusafisha meno, na kusafisha vile vichwa vya chuma vinavyobaki mdomoni. Wengi hufanya ya kwanza tu.

Vua meno kwa vidole viwili, kulia na kushoto pamoja. Ukivuta upande mmoja unapinda kifungo. Yaoshe juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike, kwa mswaki na sabuni ya maji ya kawaida. Usitumie maji ya moto, yanapinda plastiki. Usitumie dawa ya meno, inaikwaruza. Usiku yalale kwenye glasi ya maji safi, nje ya mdomo, ufizi upumue. Kisha rudi mbele ya kioo, na kwa mswaki laini zungusha kila kichwa cha chuma pembe zote, hasa pale kinapotokeza kwenye nyama.

Ndani ya meno hayo kuna vipira vidogo vya nailoni, na ndivyo vinavyobana. Huchakaa. Meno yakianza kucheza, au ule mlio ukififia, kinachohitajika huwa ni kubadilisha vipira tu, kazi fupi isiyo na sindano. Usipake gundi ya meno ya bandia kuficha hali hiyo. Huziba nafasi, na meno yakicheza juu ya skrubu kwa miezi huzichosha.

Mambo ya kwetu yanayohitaji tahadhari

Msuaki wa mti. Siwezi kumkataza mtu, mimi mwenyewe nimekulia Pwani na babu yangu alikufa na meno yake. Ila uuloweke mpaka nyuzi zilainike, uutafune ncha iwe kama brashi, na uupitishe juu ya taji tu. Nyuzi kavu hutoboa ufizi. Mwezi wa Ramadhani, mdomo unapokauka mchana kutwa, brashi ndogo iwe baada ya futari kabla ya kulala, na mswaki tena baada ya daku, hasa ukimalizia na tende au chai ya sukari.

Njiti za kuchokolea meno zitupe. Za mbao huvunjika na kuacha vibanzi ndani, na pini za nguo zinazotumika badala yake ni balaa. Mafuta ya karafuu yakipakwa mabichi pembeni mwa kipandikizi huunguza nyama laini. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza, hasa siku za mwanzo baada ya upasuaji, lakini hayaondoi ukoga.

Tumbaku ndiyo adui mkubwa: sigara, shisha, ugoro, kuberi, tambuu yenye tumbaku. Hubana mishipa ya damu ambayo tangu mwanzo ilikuwa michache, na pia huficha damu ya ufizi, hivyo mvutaji huona kila kitu kizuri huku mfupa ukiondoka. Kama huwezi kuacha leo, mwambie daktari ukweli, ili akuite mara nyingi zaidi.

Chakula hakina masharti makubwa jino likishashika. Ugali, nyama, korosho, kula. Ila usifungulie soda kwa jino hilo, usimenyee muwa, usivunjie mfupa. Jino la asili lina zile nyuzi za kulipunguzia kishindo na kukuonya. La kupandikiza hupokea pigo lote, likalipeleka kwenye skrubu na taji. Kama mwenzako anakwambia unasaga meno usingizini, tengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Taji zilizopasuka na zile skrubu ndogo za kushikilia taji zilizolegea, nyingi ninazoziona, ni za watu wanaosaga meno bila kujua.

Mwenye kisukari: sukari ikiwa juu, ufizi hauponi. Fahamu kipimo chako cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho kwa watu wazima wengi hulengwa kiwe chini ya asilimia 7, na uje na karatasi yake siku ya miadi. Na kama umeanzishiwa dawa au sindano za kuimarisha mifupa, mwambie daktari wa meno kabla hajagusa chochote, kwa sababu dawa hizo hubadilisha namna taya linavyopona.

Kwenye kiti cha daktari

Mwaka wa kwanza, nenda kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Baadaye, mwenye kinywa safi asiyevuta sigara anaweza kwenda kila miezi sita. Aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi abaki kwenye miezi mitatu, minne, maisha yake yote, kwa kuwa bakteria waliomng'oa meno ya asili hawakuhama.

Ziara nzuri ina mambo manne, na una haki ya kuyadai. Kwanza, ufizi upimwe kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, kikipitishwa kwa mkono mwepesi kuzunguka jino. Haipaswi kuuma sana, na haidhuru. Wapo wanaoogopa kupima kwa kudhani wataharibu, asiyepima hajui. Namba ziandikwe kwenye faili. Namba moja peke yake haisemi mengi, kwa sababu milimita 4 kwako inaweza kuwa kawaida. Kinachotia wasiwasi ni milimita 4 ya mwaka jana kuwa 6 mwaka huu, tena na damu.

Pili, picha ya eksirei. Ile ya siku taji lilipofungwa ndiyo ya kulinganishia, ihifadhi kama hati ya kiwanja. Nyingine hupigwa baada ya mwaka mmoja, na baadaye kila inapohitajika. Mabadiliko madogo ya mfupa mwaka wa kwanza hutarajiwa, wakati mwili unazoea. Baada ya hapo mfupa unatakiwa utulie.

Tatu, usafishaji wenyewe. Uliza kwa adabu: "Daktari, kifaa hiki ni cha titani au cha plastiki?" Vyuma vya kawaida vya kukwangulia meno huacha mikwaruzo kwenye kiungio. Zipo ncha za plastiki, za nyuzi za kaboni, za titani, na ipo mashine inayopuliza unga laini. Anayekusafisha hatakasirika; mimi hufurahi mgonjwa akiniuliza hivyo.

Nne, taji likaguliwe kama linacheza na kama linagongana vizuri na jino la juu yake. Mataji yaliyogundishwa kwa simenti ya meno yana hatari ya pekee: mabaki ya simenti yakibaki chini ya ufizi huwasha nyama kila siku, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Kama ufizi wako hautulii licha ya usafi mzuri, uliza kuhusu simenti.

Dalili, na la kufanya

Ufizi kuwa mwekundu, kung'aa, kutoa damu ukiguswa, mfupa ukiwa bado mzima: huo ni uvimbe wa juu, na unarudi nyuma ukisafishwa na daktari na ukaendelea nyumbani. Unaweza kuchukua wiki kadhaa. Daktari anaweza kukupa dawa ya kusukutua ya klorheksidini kwa wiki mbili hivi. Usiigeuze ya kila siku, inatia meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula.

Usaha ukibonyeza, harufu isiyoisha, ladha mbaya, hesi za skrubu kuonekana, au picha kuonyesha mfupa umeshuka: hapo ugonjwa umeingia mfupani. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Matibabu huanza kwa kusafisha kwa kina, kisha baada ya wiki kadhaa hupimwa tena, na isipotosha hufunguliwa kwa upasuaji ili skrubu isafishwe waziwazi. Vipandikizi vingi huokolewa kama vimewahiwa.

Nawaomba sana, msiende duka la dawa kununua amoksisilini na ile metronidazole wengi wanayoiita Flagyl, mkameza siku tano, mkaona uvimbe umepungua, mkatulia. Bakteria wamejifunika kwa utando juu ya chuma, na dawa ya kumeza haiung'oi. Mama yangu alifanya hivyo mara mbili. Kila mara uvimbe ulipungua, na kila mara mfupa uliendelea kuliwa.

Uso ukivimba, homa ikipanda, kumeza kukiwa kwa shida, au mdomo wa chini ukafa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na skrubu yenyewe ikicheza ndani ya mfupa, hiyo haiokoleki. Hutolewa, mfupa ukapumzishwa, mkaanza mpango mpya. Lakini usikate tamaa mapema. Mara nyingi kinachocheza ni taji tu, kwa sababu skrubu ndogo inayolishika imelegea, na huo ni mtihani mdogo. Usilizungushe kwa vidole, usilirudishe kwa gundi ya dukani, usitafunie upande huo. Kama limetoka, lifunge kwenye kitambaa safi uje nalo. Ukiona kishimo juu ya taji, ule mjazo uliofunika tundu la skrubu umedondoka. Hujazwa upya kwa dakika chache.

Ila kukaza skrubu hiyo kunahitaji bisibisi yake, na kila kampuni ina umbo lake. Hapa ndipo ndugu zetu waliopandikiziwa India, Uturuki au Dubai hupata tabu wakirudi. Anakuja na taji linalocheza, namuuliza ni kipandikizi cha kampuni gani, anajibu, "Cha Kijerumani, nadhani." Tunapiga picha, tunakisia kwa umbo la hesi, tunapiga simu kliniki tatu kutafuta bisibisi inayoingia, na wiki inapita. Kabla hujaondoka kliniki, popote duniani, chukua kadi yenye jina la kampuni, aina ya kipandikizi, kipenyo na urefu wake kwa milimita, namba ya toleo, tarehe, na kama taji limefungwa kwa skrubu au kwa simenti. Wengi hupewa stika iliyotoka kwenye boksi lenyewe. Ipige picha, mtumie mwanao au mkeo kwenye simu, na ya karatasi iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kama ulishapandikiziwa zamani na huna kadi, andika kliniki ile barua pepe wiki hii uwaombe, wakati faili lako bado lipo kabatini kwao.